Muheza, ambako mchungwa huanza kama mlimau

UKITOKA Segera kwenda Tanga, utajua umefika Muheza hata kabla ya kuona kibao. Machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara, na wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi. Machungwa ya wilaya hii huliwa Dar es Salaam na huvuka mpaka hadi Kenya.

Nyuma ya meza hizo kuna vitalu vya miche. Asubuhi moja mama mmoja aliingia kwenye kitalu akiwa na mwanawe wa darasa la kwanza, na tunda moja mkobani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Nilinunua mchungwa huku mtoto huyu akiwa ananyonya. Nilitaka apate matunda nyumbani. Mwaka huu ndiyo umezaa, na umezaa hiki.”

Mzee alilikwaruza ganda, akanusa. Limau.

“Hukuibiwa,” alisema. “Ulinunua miti miwili katika shina moja, ukakuza ule usioutaka.”

Akamwonyesha. Kwanza husiwa mbegu ya limau, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu. Mche ukifikia unene wa penseli, fundi huchana gamba la shina kwa kisu kikali, mfano wa herufi T. Huchukua jicho kutoka mchungwa unaozaa vizuri, hulichomeka chini ya gamba na kulifunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi hufungua. Jicho likiwa bado kijani, limeshika. Sehemu ya juu ya mlimau hukatwa. Huko ndiko kubebesha. Mche wa namna hiyo ukitunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati wa mbegu unaweza kupita miaka saba.

“Yanayochipua chini ya kiungo ni ya mlimau,” alisema mzee. “Ukiyaacha, jicho la juu hukosa chakula na kufa.”

Mama alinyamaza. Machipukizi hayo ndiyo aliyoyafurahia na kuyamwagilia.

Kwa mzazi anayenunua mche, tazama goti kwenye shina, pale gamba la mti mmoja lilipokutana na la mwingine. Usipoliona, huenda mche huo ni wa mbegu. Ukipanda, goti libaki juu ya udongo, na kila chipukizi chini yake linyofolewe likiwa bado changa. Mwembe na mparachichi nayo hubebeshwa. Mpapai hupandwa kwa mbegu, vyema miche mitatu kila shimo, kwa kuwa mingine hutokea midume. Mgomba hupandwa kwa chipukizi.

Mama aliuliza kama aukate mti wake.

“Wa nini kuukata?” mzee alimjibu. “Mkamulie mtoto limau kwenye mchicha.”

Ushauri huo una maana kiafya. Vitamini C iliyomo kwenye limau na chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage, na madini hayo huhitajika kutengeneza damu. Limau likamuliwe chakula kikishaepuliwa, maana moto huharibu vitamini hiyo.

Mama alinunua miche miwili. Mzee alimwonyesha mtoto goti, akamwachia kazi ya kunyofoa machipukizi.

“Nitakula lini?” mtoto aliuliza.

“Ukifika darasa la nne, babu.”