Baada ya Madaftari, Namsoma Mtawa Mpelelezi

Nilipotea kidogo, nilikuwa BTP, nimerudi chuo juzi tu. Wenzangu wa ualimu mnaijua hiyo shughuli: asubuhi mstarini, mchana vipindi, jioni maandalio ya somo, halafu rundo la madaftari ya kusahihisha ambalo halipungui hata ufanyeje. Sasa wengi mmeniuliza nilikuwa najiburudisha na nini kule. Jibu ni fupi: mauaji ya karibu miaka 900 iliyopita!

Msishtuke. Nazungumzia riwaya za upelelezi zinazotokea enzi za kale, hasa zile za Ellis Peters nilizozipata kwa muuza vitabu vya mtumba. Jina lake halisi ni Edith Pargeter, mama wa Kiingereza aliyezaliwa 1913 na kufariki 1995. Kati ya 1977 na 1994 alitoa riwaya 20 za mpelelezi mmoja tu, mtawa anayeitwa Cadfael. Huyu mzee ni mtu wa Wales, ujana wake alipigana Vita vya Msalaba, akawa baharia, na utu uzima ulipomkolea akaingia utawani katika monasteri ya mji wa Shrewsbury. Kazi yake ni kulima mitishamba na kuchemsha dawa. Mwandishi mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye duka la dawa, na kwa kweli unaihisi: kila kibuyu na kila jani lina kazi yake.

Kilichonikamata zaidi ni One Corpse Too Many, cha 1979. Ni mwaka 1138, Mfalme Stephen na binamu yake Maud wanagombea kiti cha enzi cha Uingereza. Mfalme anaiteka ngome ya Shrewsbury na kuamuru wafungwa 94 wanyongwe. Cadfael anapewa kazi ya kuwaandaa marehemu kwa maziko. Anahesabu, anarudia kuhesabu... wako 95. Kuna mtu ameua, kisha akaificha maiti yake katikati ya maiti za mfalme, akijua hakuna atakayejisumbua kuhesabu. Mwuaji simtaji, kasomeni wenyewe.

Rumeti wangu akiniona nacho ananicheka. Ananiambia, "We mwenzetu unasoma fasihi, halafu muda wako unaumalizia kwenye riwaya pendwa, tena za Wazungu wa kale? Si bora usome madesa?" Mnakumbuka lekcha za fasihi zinavyotenganisha riwaya dhati na riwaya pendwa, kama vile moja ni mtoto wa ndani ya ndoa na nyingine wa nje.

Mimi namjibu hivi. Mwalimu akitoka darasani anatoka na maswali yasiyo na jibu. Kwa mfano kule nilikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza ambaye kusoma sentensi nzima kulikuwa kunamshinda. Kafikaje kidato cha kwanza? Nimsaidie vipi na darasa lina watoto 80 na mimi nina wiki nane tu? Ukilala na maswali ya namna hiyo unaamka nayo. Ndiyo maana usiku nataka kitabu chenye swali moja, na ambalo najua ukurasa wa mwisho litajibiwa. Hakinidai insha wala hakinipi mtihani. Kiingereza chake kina maneno ya kizamani hapa na pale, mengine niliyaruka tu na hadithi haikunikimbia. Kurasa 20, koroboi linazimwa, usingizi mwanana.

Na enzi za kale zina utamu wake. Hakuna simu, hakuna kamera, hakuna vipimo vya maabara. Mpelelezi ana macho, miguu na subira ya kuzungumza na watu. Ndiyo raha ileile ninayoipata kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilipotoka 1960 hakikuwa kitabu cha historia, ila leo ukikisoma unatembea Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, na mzee na kiko chake anawaza taratibu huku Najum akihangaika.

Sisemi vitabu hivi vinanifanya mwalimu bora. Nasoma kupumzika, basi. Ila ile hesabu ya 95 imekataa kunitoka. Wakubwa wanapigana, maiti zimejaa, na kuna mzee mmoja anayeshikilia kwamba huyu mmoja naye alikuwa mtu, ana jina, na kuna anayepaswa kumjibia. Siku niliyokuwa najaza mahudhurio ya wale 80 nilijikuta nainua kichwa kila jina, nimwone aliyeitika. Hayo hayakuwa kwenye andalio la somo.

Tena sijui nitamfundishaje mtoto kupenda kusoma kama mimi mwenyewe nasoma vya mtihani tu. Kwa hiyo rumeti acheke, madesa yapo na yatasomwa.

Haya niambieni na nyie: mkirudi mmechoka mnasoma nini? Mwenye Kisima cha Giningi aniazime, nitakirudisha kabla bumu halijaisha. Tuko pamoja!