Majani Yana Ratiba, Nyasi Zina Kiberiti

READING, Uingereza. Ndugu wa Sumbawanga, Laela na Namanyere, huku treni huchelewa kwa sababu ya majani. Si utani. Ikifika Oktoba miti mingi ya nchi hii hupukutisha majani yake yote, na yale yanayoangukia kwenye reli yakilowa na kusagwa na magurudumu huacha utando wa kuteleza. Dereva akifunga breki, treni inaserereka. Ndiyo maana Network Rail, shirika linalotunza reli, hupitisha treni maalumu za kuosha njia kwa maji yanayorushwa kwa nguvu, na kampuni nyingine za usafiri hubadili ratiba msimu mzima. Abiria aliyewahi kukwama wakati wa masika kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, akisikia tangazo hilo stesheni, hucheka peke yake.

Ila jani lililoanguka huku lina utaratibu wake, na familia moja ya Kifipa inayoishi mji huu, kilomita kama 60 magharibi ya London, iliujua vizuri utaratibu huo wikiendi ya mwisho ya Oktoba. Mama wa nyumba ni muuguzi na alirudi Jumamosi asubuhi kutoka zamu ya usiku. Baba anafanya kazi ghalani. Watoto ni wawili, na safari hii yuko pia bibi yao, mama mzaa mama, aliyekuja kuwasalimia kutoka upande wa Laela na bado anatembea na khanga mbili juu ya koti.

Kwenye mlango wa friji kulibandikwa karatasi ya shughuli za siku mbili: mpira wa kijana saa tatu asubuhi, majani ya uani, boga la binti, manunuzi, kikao cha sendofu kwa njia ya video. Hakuna binamu wa kutumwa dukani, hakuna jirani wa kuachiwa mtoto. Baba alimpeleka kijana kwenye uwanja ambao si wenyewe, na walipoupata wenyewe wakakuta kiatu cha mguu wa kushoto kimebaki nyumbani. Kijana alicheza kipindi cha kwanza na raba. Huko nyumbani nako bibi, kwa nia njema kabisa, alikaanga dagaa wa Ziwa Tanganyika madirisha yakiwa yamefungwa. King'ora cha moshi kikalia, mama aliyelala baada ya zamu akaruka kitandani, na jirani wa ng'ambo ya ua akatokea na simu mkononi kuuliza kama aite zimamoto.

Mchana wakashika reki. Majani yaliyokusanywa hutiwa kwenye pipa la taka za bustani, ambalo halmashauri nyingi za Uingereza hulikodisha kwa ada ya mwaka na gari lake hupita kila baada ya wiki mbili. Yakichukuliwa hupelekwa kuozeshwa yawe mboji. Mwenye nafasi huyarundika pembeni mwa ua, akayaacha mwaka mmoja au miwili mpaka yawe udongo mweusi. Pipa lilipojaa, baba akajaza mifuko akaipakia kwenye buti ya gari kuipeleka kwenye kituo cha taka, na mmoja ukapasuka njiani. Mpaka leo gari linanuka msitu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama. Alipoelezwa habari ya ile ada, akauliza: "Mwanangu, yaani mnawalipa watu waje kuwachukulia mbolea yenu?"

Mkwewe hakuwa na jibu. Na kweli, kwa mtu wa Ufipa swali hilo ni zito, maana wazee wetu hawakuwa na haja ya kufundishwa mboji na mtu yeyote. Walikuwa na ntumba. Mvua zikielekea kwisha waliyafukia majani mabichi ya shamba kwa jembe la mkono, wakayafanya matuta ya mviringo, nyasi zikaoza chini ya udongo huku juu yake pameshapandwa maharage au maboga. Mvua za Novemba zikirudi, matuta yalisambazwa na ulezi ukapandwa kwenye udongo ulioshiba. Wamambwe, jirani zetu wa mpakani na Zambia, wana kilimo cha namna hiyo hiyo wanachokiita fundikila. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu cha historia ya Wafipa mwaka 1981, aliipa ntumba uzito mkubwa. Wafipa waliweza kukaa katika vijiji vya kudumu kwenye uwanda usio na miti mingi, wakati watu wa misitu ya miombo walikata, wakachoma, wakahama.

Sasa hamieni kwenye simu ya mama. Jumamosi jioni, kwenye kundi la ukoo, iliingia video ya mlima unaowaka. Kijana anayerekodi anacheka. Chini yake maneno: "Msimu umeanza!"

Ndugu, msimu gani? Sababu zenu tunazijua: nyoka, panya, majani mapya ya ng'ombe, na kwamba kiberiti hakichoshi mgongo kama jembe. Ntumba ni kazi ya kukata kiuno, na plau ya ng'ombe imewapa watu nafuu ya haki. Hakuna anayemtaka mtu wa Kaengesa arudi mwaka 1960. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kuacha ntumba na kuteketeza hata mabua ya mahindi, kisha kulalamika kwamba ardhi imechoka. Moto wa shamba haujui mpaka. Juu ya mji kuna msitu wa Mbizi, chanzo cha maji mnayokunywa Sumbawanga na makao ya mbega wekundu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu kuhusu moto, na kila mwenyekiti wa kijiji anajua hivyo, pamoja na yule anayeonekana kwenye video akiwa ameshika kiuno.

Msidhani Waingereza ni malaika. Tarehe 5 Novemba nchi nzima huwasha mioto mikubwa kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge, na jambo wanalosisitiziana ni kukagua rundo la kuni kabla ya kuwasha, kalunguyeye asije akaungua. Siku nyingine kuchoma majani uani si kosa kwenyewe, ila moshi ukimkera jirani, sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inaipa halmashauri nguvu ya kukuandama. Na boga je? Binti alilitoboa macho na meno kwa ajili ya Halloween, nyama yake karibu itupwe, akaliwashia mshumaa na kuliweka mlangoni usiku. Mtu wa Sumbawanga haelezwi kwa nini bibi hakulala. Kulipokucha nyama ya boga ilikuwa imeshapikwa, na boga lenyewe limegeuzwa uso ukutani.

Kwa yeyote anayepanga kuja kuwatembelea wanawe miezi hii, basi: njoo na viatu visivyoteleza, koti utalikuta huku. Dagaa fungua dirisha kwanza. Giza la saa kumi na moja jioni si ugonjwa wa macho. Jumapili maduka makubwa ya Uingereza, yale yanayozidi mita za mraba 280, huruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu, kwa hiyo mchele ununuliwe Jumamosi. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Tofauti na Tanzania, iliyokuwa saa mbili, inakuwa saa tatu.

Hilo la mwisho ndilo lililowaponza. Kikao cha sendofu kilipangwa saa kumi jioni kwa saa za nyumbani, na karatasi ya friji, iliyoandikwa wiki moja kabla, ilisema saa nane mchana. Simu zilijirekebisha zenyewe usiku; karatasi haikujirekebisha. Kwa kawaida pasingekuwa na hasara, kwani nani hajui kwamba kikao cha saa kumi huanza saa kumi na moja? Lakini mwenyekiti safari hii ni baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Walipojiunga, bajeti ilikuwa imeshapita, na wao wamepangiwa ukumbi na ng'ombe mmoja.

Kwenye mengineyo, mpwa aliyerusha ile video aliomba hela ya mbolea. Mpango wa mbolea ya ruzuku, uliozinduliwa Mbeya Agosti 2022, umepunguza bei, alisema, ila bado mfuko ni hela. Mama alikubali mifuko miwili, kwa sharti: mabua ya mwaka huu yasiguswe na moto, na robo ya shamba ipigwe ntumba mvua zikielekea kwisha, bibi mwenyewe akirudi aikague. Kijana akajibu papo hapo kwamba shangazi amesikika, sharti limepita, ila kazi ya ntumba bila mabuti ya mvua haiwezekani, na yeye anavaa namba 42.