Wikiendi Materuni: Beba na Kisagio Chako

Kama wewe na mwenzako mmechoshwa na fukwe na nyama choma, safari hii pandeni Moshi. Kutoka mjini hadi kijiji cha Materuni si mbali. Gari linakwea tu mteremko wa Kilimanjaro, na joto la mjini mnaliacha huko huko chini. Kahawa ya arabika ililetwa mlimani huku na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwaka 1898, na mpaka leo inakaa chini ya kivuli cha migomba kwenye vihamba, mlango wa nyumba ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye mche. Maporomoko ya maji yapo, picha mtapiga. Mimi nawapeleka uani.

Uani kwa mwenyeji wetu kulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshika spana. Kabla ya kumwaga ndoo ya matunda mekundu, alitupia machache, akazungusha, akayatazama yaliyotoka, kisha akakaza nati ya upande mmoja tu.

"Nafasi ikibana, inavunja punje," alisema. "Ikiachia, inapita na ganda lake. Sasa upande mmoja ubane na mwingine uachie, hapo unapata hasara mbili kwa mpigo."

Jamani, hayo ndiyo maelezo bora ya kisagio cha kahawa niliyowahi kusikia! Chetu cha mkono kilikuwa kwenye begi. Ukikifungua, ndani kuna meno mawili ya kusagia: la nje ni pete iliyotulia, la ndani ni koni inayozunguka na mkono. Punje zinapondwa kwenye nafasi iliyo kati yao. Wengi tunahangaika na laini au nene, wakati swali la kwanza ni kama nafasi hiyo inalingana kuzunguka pande zote. Koni ikikaa kombo, upande mmoja unatoa unga na mwingine unatoa chenga. Unga unatoa uchungu haraka, chenga hazijaiva vizuri kwenye maji na zinabaki na ukali wa uchachu. Kikombe kimoja, makosa mawili, halafu lawama anapewa mkulima.

Kupima ni rahisi. Paka wino wa kalamu ya maka kwenye ukingo wa pete, rudisha koni, kaza taratibu mpaka meno yagusane kidogo tu, zungusha mara moja, fungua. Wino ukifutika kuzunguka pande zote, mko salama. Ukifutika upande mmoja, kombo ipo. Mara nyingi ni vumbi la kahawa lililoganda nyuma ya pete. Legeza skrubu, safisha kwa brashi kavu (maji yanaleta kutu, tafadhali), rudisha, kisha kaza kidogo kidogo kwa kupokezana, skrubu hii halafu ya mkabala wake. Ila kama shafti yenyewe inacheza ukiitikisa, hakuna kukaza kutakakosaidia. Hapo tatizo ni beringi.

Sasa la wapenzi. Yeye anataka nzito ya birika, wewe unataka ya kuchuja, na kila asubuhi nati inageuzwa kwa kubahatisha. Tafuteni sifuri: bila punje ndani, kazeni mpaka mkono ukatae kuzunguka wenyewe. Kutoka hapo mnalegeza huku mkihesabu kila "tik". Kila mmoja ana namba yake, mnaziandika kwenye mlango wa friji. Kesi imekwisha! Msisage tu meno yakiwa yamegusana, yanaisha makali.

Materuni kwenyewe kahawa inakaangwa kwenye chungu juu ya kuni, halafu inatwangwa kwenye kinu cha mbao huku watu wanaimba, na wageni mnapewa mchi. Ile ya kuchemsha kinu kinaiweza kabisa. Mzee alikizungusha kisagio chetu mara tatu, akamwaga kiganjani, akaisambaza kwa kidole gumba, akauliza, "Na nati yake iko wapi?"

Nendeni kati ya Julai na Desemba, msimu wa kuchuma, muione mashine ikifanya kazi. Na mkinunua ya kubeba, chukueni iliyokaangwa lakini bado ni punje nzima.