Injini Ndogo Ipangayo Mabehewa

Apitaye Tunduma huiona njia ya reli iingiayo Zambia kwa upande wa Nakonde. Ndiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Gari la moshi likipita, watoto hulitazama kwa furaha. Lakini ni wachache waijuao kazi ifanyikayo kabla gari halijaondoka, nayo ni kazi ya kuyapanga mabehewa.

Behewa la mizigo halina injini. Likifika penye ghala au kiwanda, huachwa katika reli ya pembeni, kisha hupaswa kusogezwa mpaka mahali pa kupakulia. Zamani watu waliingiza ncha ya mtaimbo chini ya gurudumu, wakalisogeza kidogo kidogo. Katika nchi nyingine farasi walilivuta. Siku hizi hutumika injini ndogo isiyo na mbio, na penginepo gari lenye magurudumu ya mpira na ya chuma pia, liwezalo kwenda barabarani na relini.

Mtu atauliza, "Kitu kidogo hivi chawezaje kusukuma tani nyingi?" Sababu ni kwamba gurudumu la chuma huviringika kwa urahisi juu ya reli ya chuma. Tani moja, ikiisha kuanza kwenda mahali tambarare, husukumwa kwa nguvu kama ya kuinua kilo chache tu.

Lakini wepesi huo ndio hatari yake, maana behewa jepesi kuondoka ni gumu kusimamisha. Reli ikiinama mita 1 tu kwa kila mita 100, behewa lisilokazwa breki laweza kuondoka lenyewe. Kwa hiyo mafundi hukaza breki ya mkono na kutia kabari chini ya magurudumu. Tena mmoja husimama na bendera, kwa kuwa dereva asukumaye mabehewa marefu haoni yaliyo mbele yake.

Basi mtoto aendaye shule asipite kamwe chini ya behewa lililosimama, wala baina ya mawili, hata kama yamekaa hapo siku tatu. Huenda injini iko mbali, upande asiouona, na behewa huanza kwenda pasipo kelele. Wazee walisema kweli: Kimya kingi kina mshindo mkuu.