Tulipomshusha Bi Harusi Botini



Sisi ni watu wa visiwani, na kwetu harusi ya mbali haianzi ukumbini, inaanza bandarini. Kabla ya hina na singo kuna swali la chombo: tunapanda nini, kinaondoka saa ngapi, kina mama wazee watakaa wapi, na sanduku la bi harusi litalowa au halitalowa. Leo tunataka kuzungumza juu ya swali hilo, maana mara mbili tumempeleka bi harusi kwa njia ya Ziwa Tanganyika, na mara ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza.

Mjomba wetu, ndugu wa mama yetu, anaishi Ujiji tangu ujana wake. Wengi hushangaa tukisema tuna jamaa Ujiji, lakini mji ule na Unguja wanajuana zamani. Misafara ya pwani ilikuwa ikiishia pale ziwani karne ya kumi na tisa, na pamoja na biashara chungu ya pembe na watumwa, ilipeleka pia Uislamu, Kiswahili na kanzu. Ukifika Ujiji utasikia adhana na utaona kina mama wamejifunga kanga mbili kama kwetu Ng'ambo. Tofauti ni kwamba wao wanakaanga mgebuka na mchuzi wao una mawese.

Mjomba ana mabinti wawili. Mkubwa aliolewa Kirando mwaka 2012, mdogo akaposwa huko huko na jamaa wa shemeji yake. Kirando iko kusini mwa ziwa, upande wa Rukwa, mbali sana na Ujiji. Na ziwa lenyewe si dimbwi: ni zaidi ya kilomita 650 kwa urefu, na kina chake kinapita mita 1,400. Duniani kote ni Baikal tu ya Urusi inayolizidi kwa kina. Tunayasema haya kwa sababu sisi wa pwani tunapenda kudhani maji ya bara ni madogo.

Safari ya kwanza tulipanda Liemba. Tulitoka Unguja kwa boti ya kwenda Dar es Salaam, tukapanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na pale bandarini tukaiona meli ambayo ni mkongwe kuliko bibi yetu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa upya. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi zisiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Mama yetu alisikiliza hadithi yote, akauliza kitu kimoja tu: "Choo chake kina mlango?"

Kilikuwa na mlango. Na hicho, dada zetu, ndicho kitu cha kwanza ambacho meli kubwa inampa mwanamke. Deraja la kwanza na la pili lilikuwa na vyumba vyenye vitanda. Tulichukua viwili, mjomba na kijana wake wakakaa chumba cha jirani, na bi harusi wetu akapata kuvua buibui, kulala, kupakwa hina kwa mara ya pili na kulia bila ya kutazamwa na mtu. Maji ya udhu yalikuwepo. Tulisali kwa kupunguza na kukusanya, kama msafiri alivyoruhusiwa. Kutoka Kigoma kibla ni karibu kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, na meli ilikuwa inashuka kusini, kwa hiyo tulisali tukiwa tumeipa nyuma njia tunayokwenda. Shangazi yake bi harusi alicheka akasema ndiyo ndoa hiyo, mwili unakwenda mbele na moyo unatazama nyumbani.

Lakini Liemba nayo ilikuwa na lake. Bandari chache sana za ziwa lile zilikuwa na gati la kuifaa meli kubwa wakati huo. Kwingine kote meli ilisimama kwenye maji, mitumbwi na maboti ya kijijini yalikimbilia ubavuni, na abiria walishuka kupitia mlango wa pembeni kukiwa na makelele, magunia ya dagaa, kuku, na watoto wanaopokezwa mkono kwa mkono. Sisi tulifika usiku. Mama yetu, na goti lake bovu, alisimama kwenye mlango ule akaitazama boti ndogo ikipanda na kushuka chini yake. Akasema, "Mimi hapa nitakufa, na nitakufa nimefunuka." Mjomba alimbeba. Tangu siku ile kila mmoja wetu anavaa suruali pana chini ya buibui akisafiri kwa chombo, na tunakushauri nawe ufanye hivyo.

Tulifika salama, tukala walima, tukarudi.

Safari ya pili ilikuwa Agosti 2021. Liemba ilikuwa imesimama ikisubiri matengenezo makubwa. MV Mwongozo, meli nyingine ya ziwa lile iliyojengwa kuchukua abiria 800, nayo haikuwa ikisafiri. Kwa hiyo chaguo lilikuwa kati ya boti ya mbao na barabara.

Tusiwavunjie heshima watu wa boti za mbao. Bila wao vijiji vingi vya ufukwe ule visingepata sabuni wala mgonjwa asingefika hospitali. Boti ni rahisi, haingoji ratiba ya wiki, na inakushusha mchangani mbele ya nyumba unayokwenda, hakuna kurukia mtumbwi usiku. Kwa mfuko wa mjomba, ambaye alikwisha kutoa kila alichonacho kwa harusi, boti ilikuwa neema. Akatulipia sote. Ilikuwa Jumatano jioni, na akdi ilipangwa Kirando siku ya Ijumaa baada ya sala.

Tulipofika ufukweni, boti ilikuwa inapakia. Saruji, mabati, kreti za soda, magodoro, shangazi kaja zetu, na sanduku la bi harusi juu kabisa. Hakukuwa na kivuli. Hakukuwa na choo, na tuliambiwa boti itakaribia ufukwe "watu wakihitaji". Wanawake na wanaume walikaa goti kwa goti juu ya mizigo. Hayo yote tungeyavumilia, maana safari ni sehemu ya adhabu na kila mtu anajua. Kilichotushinda ni kuhesabu.

Katika nyumba yetu tunahesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi mno wakapotea. Binti wa jirani yetu alikuwemo, na alikuwa anakwenda kuposwa. Hatujui kama angepona kwa jaketi okozi; ajali ni za Mwenyezi Mungu. Lakini mama yake alituambia neno moja kwenye matanga: "Alinipigia simu akasema mama, chombo kimejaa. Nikamwambia nenda mwanangu, watu wanakusubiri." Tangu hapo, tukipanda chombo chochote, tunahesabu watu na tunahesabu majaketi.

Pale Ujiji tulihesabu majaketi 14. Watu walikuwa wamepita 50, na wengine walikuwa wanakuja. Maji yalikuwa karibu na ukingo wa boti kwa kiasi cha mkono. Na ilikuwa miezi ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini wakati wa kiangazi na kuinua mawimbi, nasi tulikuwa tunakwenda kusini kuukabili, usiku.

Mama yetu ndiye aliyesema kwanza. "Mshusheni mtoto."

Hapo ndipo tulipojua uzito wa neno harusi. Mjomba alikasirika mbele za watu. Nahodha alisema yeye anapita njia hiyo miaka yote na wanawake wa Zanzibar wana woga wa kitoto. Mwanamke mmoja aliyekaa na mtoto mgongoni alitutazama bila ya kusema kitu, naye hakuwa na pa kushukia, na macho yake bado tunayo. Bi harusi alianza kulia: watu wameshapika, hema limeshafungwa, atasemwa aliikimbia ndoa yake. Tulimshika mikono yenye piko bado mbichi tukamshusha. Nusu ya nauli haikurudi. Boti ikaondoka.

Usiku ule Ujiji hapakulalika. Asubuhi mjomba, bado amenuna, alikwenda kwa sheikh wa msikiti kulalamika juu yetu. Alirudi na uso mwingine. Sheikh alimuuliza: nani alikwambia bi harusi lazima awepo kwenye akdi? Ndoa inataka walii, mashahidi wawili wa haki, ijabu na kabuli, na ridhaa ya binti. Na walii akishindwa kufika anaweza kumuwakilisha mtu. Tulikuwa tunayajua haya tangu madrasa, lakini hofu ya aibu ilikuwa imeyafunika yote. Binti akaulizwa ridhaa yake mbele ya watu. Mjomba akampigia simu imamu wa Kirando, akamfanya wakili wake, mashahidi wakisikiliza pande zote mbili.

Ijumaa alfajiri tulipanda basi la Mpanda. Mchana, mahali fulani kati ya Uvinza na Mpanda, simu ikalia, na mjomba akasema, "Mwanangu, umeshakuwa mke wa mtu." Basi zima likapiga vigelegele, hata kina mama ambao si wenzetu katika dini. Tukalala Mpanda, na Jumamosi tukaendelea kwa gari kupitia Namanyere mpaka Kirando. Tulifika tumechakaa vumbi, siku moja nyuma, lakini chooni tulikwenda kwa stara na sala zote tulizisali.

Sasa mtatuuliza: na ile boti? Boti ilifika salama, alhamdulillah. Abiria wake walishuka, wakala pilau yetu. Tulipoingia Kirando kulikuwa na vicheko vya chini chini, na wako waliosema tumetia mjomba hasara bure. Hatukuwa na la kujibu. Hatuwezi kuwaonesha watu ajali ambayo haikutokea. Ila bibi yake bwana harusi, ambaye alizaliwa na kuzeekea ufukwe ule, alimuita bi harusi wetu akamkalisha pembeni yake akasema: "Mimi nimezika wavuvi wawili. Aliyechelewa nimempokea. Asiyefika nimpokee vipi?"

Kwa hiyo, dada zetu, mkipima chombo cha kumpeleka bi harusi, iwe ziwani, iwe Pemba, iwe Mafia, msianze na nauli, wala msianze na picha. Anzeni hivi:

Watu wangapi na majaketi mangapi? Hesabuni wenyewe, msiulize.

Mzigo umekaa vipi, na maji yako wapi kwenye ubavu wa chombo?

Ni msimu gani wa upepo, na tutakuwa majini usiku au mchana?

Mwanamke atajisitiri wapi kwa choo, udhu na sala? Na mzee atashukaje?

Maharimu yupo, na je, yuko tayari kusikiliza?

La mwisho: tarehe inaweza kusogea? Karibu kila mara inaweza. Wekeni siku mbili za akiba kati ya kufika na akdi, na walii azungumze mapema na wakili kule mwendako, hata kama mna hakika ya safari. Pesa za siku mbili hizo zipunguzwe kwenye mapambo, hakuna atakayekumbuka maua.

Tunaiombea Liemba irudi majini, kwa sababu mwanamke wa Kirando asingelazimika kuchagua kati ya hofu na vumbi. Meli ile mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi kwao ng'ambo ya ziwa. Kumchukua bi harusi na masanduku yake haitaishinda. Siku ikirudi, sisi tutakata tiketi ya chumba, na mama yetu ameshasema atakaa chini mpaka kuwe na gati.

Yule binti sasa ana watoto wawili. Mkubwa akiuliza kwa nini kwenye picha za harusi mama hayupo siku ya Ijumaa, anaambiwa: alikuwa njiani, anakuja.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama nyote, na awape waume wenye subira ya kusubiri. Aamin.