Inapanda, Lakini Inashukaje?

Jumanne iliyopita RAV4 ya mwaka 2004 ilikataliwa kwenye ukaguzi Leicester. Ilifika gereji kwa mwendo wake, injini imetulia kama siku zote, na mwenye gari, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alishajipangia kuwa saa nne atakuwa nyumbani anakunywa chai. Akapewa karatasi. Paipu ya breki ya nyuma kushoto imeliwa na kutu. Mpira unaofunika boljointi umechanika. Taa moja ya mbele inamulika juu mno. Waipa haifuti.

Aliudhika, na alitaka kubishana. Mkaguzi hakubishana naye. Alimwita pale gari lilipokuwa limeinuliwa, akawasha tochi, akapitisha kidole juu ya paipu. Magamba ya kutu yakadondoka sakafuni. Hapo hasira ikamtoka mwandishi na badala yake akakumbuka paipu nyingine, ya RAV4 nyingine, aliyoiona akiwa amelala chali juu ya boksi katika gereji moja ya Madizini, Turiani, nyumbani kwao.

Turiani gari halikataliwi. Hufa, likafufuliwa, likarudi barabarani.

Uingereza ukaguzi huu unaitwa MOT, herufi za iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyofikisha miaka 10. Kufikia mwaka 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka 3. Leo gari dogo likishatimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, kwa ada isiyoruhusiwa kuzidi pauni 54.85. Tangu Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa uzito: ndogo, ambayo gari hupita nayo, kubwa, ambayo gari hukataliwa, na ya hatari, ambayo haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe.

Gari la juu la miaka 20 lina mahali pake pa kuangukia. Kila baridi ikiingia, barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa. Hula paipu za breki, hula chesisi, hula vishikizo vya springi. Mkaguzi hugongagonga bodi kwa kifaa maalumu akisikiliza mlio, kwa sababu tundu la kutu lililo ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda wa abiria ulipofungwa linatosha kulikataa gari. Magurudumu hupandishwa juu ya rola, breki zikapimwa: kwa gari la umri huu lazima zifikie ufanisi wa asilimia 50, na hendibreki asilimia 16. Kashata za tairi zisipungue milimita 1.6. Ufa wa kioo ulio mbele ya macho ya dereva ukizidi milimita 10, gari halipiti.

Na injini? Nguvu yake haiwahusu. Wanatazama moshi, mafuta yanayovuja na ile taa ya onyo kwenye dashibodi. Gia na klachi hawavipimi kabisa. Maswali yao yote ni mengine: gari linasimama? Linapinda unapolipindisha? Dereva anaona, na wengine wanamwona?

Msomaji aliyewahi kununua gari mkononi anajua nyumbani sifa huanzia wapi. Injini haijaguswa. Maneno hayo mawili yameuza magari mangapi kuanzia Msamvu hadi Mtibwa! Muuzaji hufungua boneti, huliwasha, hukanyaga mafuta kidogo, na mnunuzi hutikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna anayeinama kutazama chini.

Mjomba wa mwandishi alinunua lake hivyohivyo, Dar es Salaam, limeshuka kutoka Japani. Huko Japani nako kuna ukaguzi wao, shaken: wa kwanza gari jipya likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Gharama zake ni sababu mojawapo inayowafanya Wajapani wengi kuliuza gari likiwa bado na nguvu. Magari mengi mazuri ya Turiani yalikuja kwa njia hiyo. Gari la mjomba limepeleka wajawazito Hospitali ya Bwagala usiku wa manane, limebeba maiti, limebeba bibi harusi. Limepanda milima ya Nguru hadi Maskati na kushuka na magunia ya iliki na ndizi.

Huko hakuna chumvi. Kuna mashimo, makorongo na tope la masika. Lami ya Magole hadi Turiani, karibu kilomita 49, imeponya shokapu nyingi, lakini ukiiacha na kushika njia za mlimani, kinacholiwa ni bushi, boljointi na tairodi. Mafundi wa Madizini wanayajua haya bila karatasi. Mwandishi amemwona fundi akisikiliza mlio mmoja tu, "kwo, kwo", akataja bushi ya mkono wa kulia kabla gari halijazimwa, kisha akachonga nyingine kwa mpira wa tairi la lori. Ujuzi upo, tena mwingi.

Siku ile juu ya boksi, chini ya gari la mjomba, mwandishi aliona paipu ya breki ya gurudumu la nyuma imekunjwa na kupondwa kwa nyundo ili mafuta yasivuje.

"Hili moja tumelipumzisha," fundi alisema kwa upole. "Mzee bado ana matatu."

Trafiki pale barabarani huona yanayoonekana akiwa amesimama: taa, tairi, kioo, bima, stika ya Nenda kwa Usalama. Paipu iliyopondwa haionekani. Uingereza ingeandikwa, na ingebaki imeandikwa. Yeyote mwenye namba ya gari anaweza kusoma mtandaoni, bure, kila ukaguzi tangu mwaka 2005, pamoja na maili ambazo gari lilikuwa limeshatembea kufikia siku hiyo. Mnunuzi wa mkono wa tatu anajua kutu ilianza lini. Kwetu habari za gari zimo kichwani mwa fundi, na gari likiuzwa Dumila fundi hauzwi nalo.

Dada wa mwandishi, alipoambiwa kuwa ukaguzi kama huo ungefaa na nyumbani, hakukubali. "Kaka, ukileta huo ukaguzi wako huku, wajawazito wa Mhonda watapanda nini?" Swali hilo linamkaa mwandishi kooni mpaka leo. Gari lenye breki tatu limeokoa watu ambao gari lililokataliwa lisingewaokoa. Lakini mteremko wa Maskati hauulizi gari limebeba nani. Na taa, waipa na paipu ya breki si bei ya injini. Ni bei ya gunia moja la mazao, siku moja kwa mwaka, gari likiwa zima.

Kwa watu wa ukoo wa mama kama Wanguu, mjomba hafundishwi na mpwa. Mwandishi alipiga simu Jumatano jioni akiwa ameyapima maneno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Gari lako limepona?"

Alimweleza yote: kutu, karatasi, kidole cha mkaguzi. Kisha akaigusa ile paipu ya Madizini. Mjomba alikaa kimya kidogo.

"Hii gari inapanda, mwanangu. Maskati inapanda."

"Najua inapanda, mjomba. Inashukaje?"

Simu ilinyamaza mpaka mwandishi akadhani imekatika. Halafu mjomba akauliza paipu ya Leicester imewekwa ya shaba au ya chuma.

Jumamosi picha ikaingia kwenye simu. Juu ya gunia, kando ya spana namba 10, zimelazwa paipu mbili: moja mpya inang'aa, na nyingine nyeusi, ncha yake imepondwa bapa.