Dawa ya Jino

Wahenga walinena kuwa dawa ya jino ni kung'oa. Katika mtaa wa Huruma, mashariki mwa jiji la Nairobi, methali hii inajulikana na wakubwa kwa wadogo. Hata hivyo, jino liumapo usiku, aghalabu mgonjwa huamkia kwenye duka la dawa wala si kwa daktari wa meno.

Mtazame mchuuzi mmoja wa mboga mtaani humo. Fizi imemvimba na usingizi umempaa kwa siku tatu. Kwenda kliniki ni kupoteza mauzo ya siku nzima, nauli na ada ya kung'olewa. Duka la dawa nalo liko chini ya ghorofa anamoishi. Ananunua kapsuli sita za amoksilini, kadiri ya sarafu alizo nazo, pamoja na vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya pili anapata nafuu. Kapsuli mbili zilizosalia anazifunga kwenye pindo la leso, ziwe akiba mwanawe atakaposhikwa na kikohozi.

Nani atamlaumu? Sheria ya Kenya inataka dawa hizo zitolewe kwa cheti cha daktari, lakini sheria haimlipii nauli. Isitoshe, wapo madaktari wa meno, katika nchi nyingi duniani, ambao huandika viuavijasumu kwa mazoea, ilhali jino linalouma kwa kuoza hutibiwa kwa kuzibwa, kusafishwa mzizi, kutolewa usaha au kung'olewa. Viuavijasumu hufaa maambukizi yanapoenea, kwa mfano mgonjwa anapopata homa au uvimbe unaposambaa usoni na shingoni.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 kwamba dozi hafifu huwafunza vijidudu kuistahimili dawa. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka wa 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria. Kenya ilitoa sera yake ya kitaifa kuhusu usugu huo mwaka wa 2017.

Neno "usugu" si geni kwa mchuuzi yule. Anaijua sugu ya kiganjani, na anamjua mtoto sugu asiyesikia kiboko. Asichoambiwa ni kwamba kinachokuwa sugu si mwili wake bali ni vijidudu, navyo havibaki kinywani mwake. Katika chumba kimoja cha kupanga, humfikia hata mwanawe. Kwenye kibahasha cha dawa pameandikwa "1×3", basi. Kiswahili cha kumweleza mengine kipo tele, na wenye kukisomea wapo. Ni nani kati yao atakayekifikisha dukani?

Wakati huo huo, akiba ingali kwenye pindo la leso, na jino lingali kinywani.